Nusu Saa ya Mlango Wazi

Simu ya ofisini ilikuwa juu ya meza, na Bi Raya alikuwa ameikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike jikoni. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Juu, wasichana wanane walikuwa vyumbani mwao na hakuna hata mmoja aliyepata usingizi. Alisikia vitanda vikilia, na nyayo zikienda chooni na kurudi. Wa tisa, Malak, alichukuliwa na gari la wagonjwa saa nne usiku. Alianguka ngazini akiwa na kitabu mkononi, bila kishindo, kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba.

Skuli yenyewe ilikuwa jumba la matofali mekundu kaskazini mwa London, kule treni zinakoishia. Waliletwa hapo watoto walioshindikana kwengine: waliokuwa wakijikata, waliokuwa wakilewa na kuvuta, waliokataa kula. Walilala hapo hapo, wakasoma kidogo, wakazungumza sana na wataalamu. Bi Raya hakuwa mtaalamu. Yeye alikuwa mkeshaji. Kila nusu saa alipita ukumbini, akachungulia kioo cha kila mlango, kisha akaandika kwenye kitabu cha zamu: kalala, yu macho, analia. Wasichana walimpa jina la Kamera.

"Kamera anakuja," waliambizana kwa Kiingereza, naye akiwasikia. "Fanyeni kama mmekufa."

Hakukasirika. Nyumbani kwake alikuwa na mtoto aliyemwita majina mabaya zaidi ya hilo, kabla hajaacha kumwita kabisa.

Alizaliwa Wete, Pemba. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, na mwaka wa themanini na nane akashuka London na mumewe na mtoto wao wa miaka saba, Riyadh. Mume hakukaa sana, akaoa kwengine. Raya akasafisha maofisi miaka kumi na mbili, anatoka alfajiri na kurudi mtoto keshakwenda skuli, na hata siku moja hakujua ni lini hasa mtoto huyo alianza kuvuta. Alipojua, Riyadh alikuwa na miaka kumi na sita na pete mbili za dhahabu za mamake zilikuwa hazipo. Sasa kijana ana ishirini. Huonekana mara moja moja kwenye mikahawa ya Waarabu kule Edgware Road, na akimwona mamake upande huu wa barabara, huvuka upande ule. Kazi ya skuli Bi Raya aliiomba kwa sababu hiyo, ingawa kwenye fomu aliandika sababu nyengine.

Malak aliletwa mwezi wa Septemba. Miaka kumi na tano, mzaliwa wa London, baba yake Abdulwakil, Mzanzibari, karani wa halmashauri ya mji. Ugonjwa wake ulikuwa wa kutokula. Aliingia na vifundo vya mikono mtu anaweza kuvihisabu mifupa, lakini kufika Novemba alikuwa ameanza kujaza mashavu, na wakubwa wa skuli walikuwa wakimtaja kwa furaha. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza tu, kama watoto wote wa huku. Kwa hiyo siku mbili kabla ya Ramadhani, alipomfuata Bi Raya kwenye jiko dogo la ghorofani na kusema, kwa Kiswahili kilichopinda pinda, "Anti Raya, mimi nataka kufunga. Utaniamsha daku?", mwanamke yule alifunga bomba la maji akamgeukia. Riyadh aliacha kufunga zamani. Miaka minne hakuna mtu aliyemwomba amwamshe daku.

Mkuu wa skuli alimwita ofisini. Alikuwa Mwingereza mpole, hakutaka kuonekana anadharau dini ya mtu. Alimwambia kwamba baba wa mtoto kasema wafanye watakavyoona wao, basi naye akamuuliza Bi Raya, kwa kuwa ndiye aijuaye dini hiyo: je, mtoto huyu anaweza kufunga?

Mgonjwa hana saumu. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani Wete analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Bi Raya alilijua pale pale, akiwa amekaa kwenye kiti kile, na mdomo wake ukasema jengine.

"Siku zenyewe fupi. Saa kumi tushafuturu."

Wakakubaliana kwa masharti. Malak atafuturu mbele ya walimu, na alfajiri atakula daku ya kushiba pamoja na Bi Raya. Baada ya kula, mlango wake utakaa wazi nusu saa na Bi Raya atakaa pale akimtazama, kwa sababu hiyo nusu saa ndimo watoto wa ugonjwa huu hukitapika chakula au hukificha. Kisha ataandika kitabuni.

Ramadhani ikaanza. Bi Raya alibadilisha hata siku zake za mapumziko asikose alfajiri moja. Alibeba kutoka kwake Tottenham chapati, maharage ya nazi, tambi za sukari kwenye kibakuli chenye kifuniko. Wakila wawili, Malak akimcheka kwa viatu vyake vya manyoya.

"Anti, hivyo ni paka umewaua?"

"Kula wewe. Paka hawakuhusu."

Na mpishi wa skuli, Anne-Marie, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyeingia kazini mapema kuliko wote, akiwakuta na masahani aliwatania mlangoni: "Nyiye kufunga kwenu ni ya ajabu. Muchana munalia njaa, usiku munakula kama ku arusi."

Siku ya kwanza, baada ya kula, Malak alisimama akajifunga mtandio. "Naenda kusali, Anti. Nifunge mlango? Si vizuri mtu kunitazama."

Bi Raya aliufunga yeye mwenyewe, polepole, usipige kelele. Nani atamchungulia binti anayesali? Alirudi kwenye lile jiko dogo akatandika mswala wake, akasali naye, akaona raha ambayo hajaionja kwa muda mrefu. Kisha akaandika: Kala vizuri. Mlango wazi nusu saa. Maneno hayo aliyaandika alfajiri kumi.

Alfajiri ya saba, Anne-Marie alimshika mkono. "Mama Riyadh, kuya uone."

Alikuwa na mfuko wa plastiki alioutoa nyuma ya chuma cha kupashia joto, kwenye choo cha wasichana. Ndani mlikuwa na chapati zilizoota ukungu.

"Pengine za mwengine," alisema Bi Raya. "Usimzulie mtoto aliyefunga, Anne-Marie. Ni dhambi."

"Dhambi ni yangu. Chapati ni yako. Miye sijui kupika ile."

Bi Raya aliuchukua mfuko akautupa yeye mwenyewe kwenye pipa la nje, chini ya takataka nyengine. Kitabuni hakuandika neno. Alijiambia atazungumza na mtoto taratibu, kesho. Kesho yake Malak alimkumbatia alipoingia zamu, na mazungumzo yakaahirishwa.

Usiku ule wa gari la wagonjwa, saa saba, simu ya ofisini ililia. Ni Titus, msaidizi wa mkuu, aliyekwenda na gari la wagonjwa.

"Madaktari wanauliza alikula nini," alisema. "Nimewaambia kitabu chako kinaonyesha kila alfajiri anakula sahani nzima na hatapiki. Ni kweli, siyo?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Aliuona mwandiko wake mwenyewe, mkubwa, uliolalia upande, kama wa mtoto wa darasa la tatu.

"Kama kilivyoandikwa," alisema.

"Basi wanasema si njaa, watatafuta kitu chengine. Wamemtia dripu ya sukari apate nguvu."

Simu ikakatika. Bi Raya alipanda juu, akapita milango minane, akachungulia vioo vinane. Wa tisa alikuta kitanda kimetandikwa na mswala umekunjwa vizuri juu ya mto. Aliunusa mswala ule. Ulinuka mpya, kama ulivyotoka dukani. Alirudi chini. Saa nane, saa tisa. Akisema, kazi imekwenda, na baba wa mtoto atajua, na msikiti mzima utajua. Asiposema, madaktari watatafuta wanachokitafuta, nao ni watu waliosoma, watakiona. Alijishika na hilo neno, waliosoma, mpaka daku ikampita bila kutia hata maji mdomoni.

Anne-Marie aliingia saa kumi na mbili kasorobo, theluji nyembamba ikiwa mabegani. Alisikiliza habari yote huku amesimama na koti lake. Aliposikia dripu ya sukari aliweka mkoba chini.

"Na uliwaambia hakuli?"

Bi Raya alikifunga kitabu cha zamu.

"Mama Riyadh, sikia. Kule kwetu, mwaka wa tisini na ine, miye nilikuwa natumika mu kambi ya wakimbizi. Watoto walikuwa wanafika mifupa tu. Wenye hawakujua, siku ya kwanza waliwapa sukari, waliwapa uji mingi, kwa huruma. Asubui tulikuwa tunawazika. Haikuwa njaa iliwaua. Ilikuwa ni ile chakula. Unasikia?"

Bi Raya alikuwa keshashika simu. Vidole vilikosea namba mara mbili. Iliita sana, na alipojibiwa na muuguzi alizungumza kwa Kiingereza chake cha maofisini, kile cha ndoo na funguo. Alisema kitabu ni uongo. Alisema ni yeye aliyekiandika. Mtoto hana chakula tumboni siku kumi, au hana cha kutosha, hajui, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Muuguzi akamwambia arudie. Akarudia. Akamwuliza jina lake, herufi moja moja, naye akazitaja zote.

Watu wa mchana walipofika alivaa koti akaondoka, hakumngoja mkuu. Basi la kwanza lilijaa, la pili likasimama kila kituo.

Wodi aliyolazwa Malak ilikuwa ghorofa ya nne, mlango wake una kioo chembamba na kengele. Akapiga. Sauti ikatoka ukutani: ni nani? Alijitaja.

"Dripu tuliibadilisha saa kumi na mbili na robo," ikasema. "Yu hai. Moyo bado haujakaa sawa. Wanaoingia ni familia tu."

"Naomba nimwone kwa mbali."

"Nitamuuliza baba yake."

Abdulwakil akaja. Bi Raya alimwona kwanza kwenye kioo, shati la kazini la jana, macho mekundu. Abdulwakil akaufungua mlango kiasi cha upana wa uso wake, mguu akauweka nyuma yake usifunguke zaidi.

"Bi Raya."

"Bwana Abdulwakil. Nisamehe."

"Wameniambia." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nina swali moja, sitaki jengine. Ukifunga ule mlango. Alikuwa anasali kweli?"

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi na mtu yule alilihitaji, angeondoka nalo mpaka kitandani kwa mwanawe. Bi Raya aliukumbuka mswala ulionuka upya wa dukani.

"Sijui," alisema. "Sikumtazama."

Abdulwakil aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyokuwa akiitegemea. Akaondoa mguu. Mlango ukajirudisha wenyewe, polepole, ukabana.

Palikuwa na viti vinne ukutani. Bi Raya alikichukua kimoja akakigeuza, kikaelekea kioo, akaketi mikono mapajani. Mwanamke wa kigari cha chai alipita akamuuliza kama atakunywa, akakataa kwa kichwa. Alikitazama kile kioo chembamba nusu saa, kisha nusu saa nyengine. Watu waliingia na kutoka kwa kadi zao, na kila mara mlango ukarudi ukajifunga.