Chafya ya Bibi Luhaga

Niliporudi nyumbani Pasiansi, Mwanza, kwa likizo ya chuo mwaka 1999, nilikuta dada yangu Odeta ameshapewa jina jipya mtaani: Bi Masizi. Alikuwa ameajiriwa kwenye mtambo mdogo wa kusafisha maji pale ufukweni, na kazi yake ilikuwa kukoroga unga wa mkaa kwenye maji yaliyovutwa kutoka ziwani. Mkaa ule, laini kuliko wanja, hunasa dawa za wadudu zinazosombwa na mvua kutoka mashamba ya pamba. Kisha maji hupitishwa kwenye mchanga, mkaa ukabaki nyuma na sumu yake.

Maji yalitoka meupe, Odeta akatoka mweusi. Alijisugua kwa jiwe mpaka visigino vikang'aa, na bado kila asubuhi foronya ilikuwa na picha ya uso wake.

Nkwabi, fundi baiskeli wa Kiseke, alimpenda hivyo hivyo. Alisema hajawahi kukutana na mwanamke mwingine anayemshinda yeye fundi kwa weusi wa kucha.

Shida ilikuwa bibi yake Nkwabi. Bibi Luhaga alilima pamba Sengerema, ng'ambo ya ziwa, tangu usichana wake, na tangu wafanyabiashara binafsi waanze kuuza dawa kwenye chupa zisizo na nembo, alikuwa hanunui kitu bila kunusa. Pua yake ilitambua dawa halisi na maji yaliyotiwa rangi. Sasa alikuwa ameapa kutokunywa maji ya Mwanza.

"Dawa nimeipuliza mwenyewe," alisema. "Mvua ikaipeleka ziwani. Leo nipande kivuko nije kuinywa?"

Na kwetu mgeni wa posa hupewa maji kabla ya neno lolote. Akiyakataa, ameikataa nyumba.

Siku ya posa Odeta alileta maji kutoka mtamboni, pamoja na kopo dogo la unga wake ili amweleze bibi. Wageni walipoketi, alipiga magoti akiwa na glasi iliyofunikwa kisosi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Maji ya wapi hayo?"

"Ya ziwani, bibi. Lakini yamesafishwa."

"Kwa sabuni?"

Nkwabi akaangalia dari.

"Kwa mkaa, bibi."

"Mkaa nimepikia tangu sijaolewa, sijauona ukisafisha kitu. Kaulize sufuria zangu."

Odeta akaweka glasi mezani, akafungua kopo. "Huu si wa kupikia, bibi. Umetengenezwa kwa ajili ya kunasa dawa."

Basi Bibi Luhaga akafanya kile anachofanya sokoni. Alilipokea kopo, akazamisha pua, akavuta kwa nguvu zote za mapafu yake.

Chafya iliyofuata ilisikika mpaka kwa majirani. Unga ulipaa darini, ukafikiri kidogo, kisha ukatushukia sote. Shati jeupe la baba likawa la kijivu. Mzee Mihayo, mshenga, alibaki macho mawili tu, kama bundi. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu mkwe hachekwi. Mama aliuma pindo la khanga yake. Mimi niliingiza kichwa kwenye kabati la vyombo nikajifanya natafuta vijiko.

Bibi alikohoa, akakohoa tena, akapapasa mezani. Mkono ukakutana na glasi. Kisosi kikaruka. Akanywa mpaka tone la mwisho.



"Bibi," Mzee Mihayo alisema taratibu, "umekunywa."

"Nimekohoa."

"Umekunywa maji ya nyumba hii mbele ya mashahidi."

Bibi akatuzungushia macho, mmoja baada ya mwingine. "Mashahidi gani? Humu simtambui hata mmoja."

Hapo ndipo mama alipoiachia khanga. Alicheka yeye, akacheka baba, Nkwabi akateleza kutoka kwenye kiti, na kabati langu likaanza kugonganisha vikombe. Odeta pekee hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, akimtazama bibi mdomoni.

Bibi Luhaga alinusa glasi tupu. Akanusa tena, upande wa pili, kama anavyonusa chupa za wale wachuuzi. Kisha akamnyooshea Odeta ile glasi.

"Ongeza, mke mwenzangu. Yale yalikuwa ya kikohozi. Haya ndiyo ya posa."