Nilibonyeza "Ndiyo", Mkono wa Mjomba Ukapona Umepinda

Admin, nifichie jina tafadhali, maana humu mko watu wa hospitali yetu na watu wa kanisa letu. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, naishi Mowlem, hapa Nairobi. Ni daktari, ila bado nasomea upasuaji wa mifupa. Baba alipofariki nikiwa mdogo, aliyenilea na kunisomesha ni mjomba, kaka yake mama. Ni mchonga vinyago kutoka Ukambani, anakaa Jericho na anachongea hapo nje ya nyumba yake. Siandiki mnihurumie. Nimemkosea huyo mzee na siwezi tena kumtazama machoni.

Sisi wanafunzi wa mifupa tuko na app fulani ya bure kwa simu. Unaiambia mfupa uliovunjika, inakuuliza maswali, kisha inakuonyesha umevunjika aina gani na unatibiwa vipi. Ni app nzuri, msinielewe vibaya. Imeniokoa mara nyingi wakubwa wakiniuliza maswali wodini. Lakini nikaizoea mpaka nikaanza kujiona.

Sasa mwaka huu mjomba akateleza bafuni, akaangukia mkono wa kulia. Akapigwa eksirei hospitalini, akaambiwa angojee daktari wa mifupa. Akakataa. "Nipange foleni ya nini na nina daktari wangu?" akawaambia. Akanifuata kwenye kliniki ndogo ninakofanya kazi wikendi, bahasha ya picha kwapani, mkono umefura na bado anatabasamu.

Bahasha ilikuwa na picha mbili, moja imepigwa kwa mbele na nyingine kwa ubavu. Nilitoa ya mbele, nikaiinua dirishani. Niliona ufa mdogo tu. Nikafungua app. Ikaniuliza kama nimeangalia picha ya ubavu, na kama mfupa umekaa sawa. Wagonjwa walikuwa wamejaa nje, na mjomba alikuwa anamsimulia nesi vile nilikuwa naongoza darasa. Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza tena ndiyo. App ikasema plasta inatosha.

Nikamfunga plasta mwenyewe. Sikumpigia mkubwa wangu, na sisi wanafunzi haturuhusiwi kuamua jambo kama hilo peke yetu.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umepinda hapa kwenye kifundo. Nikamwambia ni uvimbe, utaisha. Haukuisha. Akishika kile kishoka cha kuchongea, vidole vinakosa nguvu, kinaanguka. Nilipoona hivyo nikamwomba Anti, mke wake, ile bahasha, nikidanganya kwamba nataka kulinganisha. Nikatoa picha ya pili. Jamani, kipande cha mfupa kilikuwa kimeteleza waziwazi. Hata anayeanza masomo angekiona. Mjomba alihitaji kufanyiwa operesheni tangu siku ile.

Nilitamani kusema ni app ilinidanganya. Lakini app iliniuliza, na mimi ndiye niliyeidanganya.

Jumapili iliyopita nilienda kwao baada ya kanisa. Tukiwa mezani mjomba, ambaye huniita Mum, akaniuliza, "Mum, niambie ukweli. Si ni mimi nilianza kazi mapema? Kuna siku plasta ikiwa bado mkononi nilipiga msasa kidogo tu, kinyago cha mteja."

Kabla sijajibu, Anti akadakia. "Si nilikwambia! Nilikwambia uwache hiyo haraka yako! Sasa umeharibu kazi ya mtoto."

Mjomba akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama watoto," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe usijilaumu. Wewe ulifanya yako vizuri."

Yaani nilikuwa na mdomo, nikautumia kutafuna. Mjomba akaniongezea nyama.

Kinachonikosesha amani ni kwamba mkono huo bado unaweza kurekebishwa. Mfupa unakatwa na kunyooshwa upya. Mjomba hajui. Anadhani yameisha, na tayari ameanza kugawia mafundi wenzake vifaa vyake. Lakini nikimpeleka kwa daktari mkubwa, ataomba zile picha, na swali la kwanza litakuwa nani alifunga plasta hii. Ninaweza kufukuzwa masomoni, masomo ambayo mkono huohuo ndio ulioyalipia. Mama yangu anasema kwa simu kila siku kwamba mimi ndiye fahari ya ukoo. Naye hajui.

Rafiki yangu mmoja wa wodini aliniambia, "Nyamaza, ni mzee, atazoea." Ushauri huo ulinifariji jioni moja tu, kisha nikajichukia.

Wenye hekima humu, nisaidieni mawazo, hata mkinitukana nitasoma. Nimwambie mjomba kwanza, au niende moja kwa moja kwa mkubwa wangu? Na nikikaa mbele ya mzee huyu, nianzie wapi? Nikizidi kunyamaza mfupa unazidi kukomaa ukiwa umepinda, na yeye anazidi kumwomba mke wake msamaha kwa kosa langu.