Koti la Jenerali

Mwenye duka la nguo za jeshi hapa mtaani kwetu Azaiba hana nguo isiyopigana vita. Kila akishusha koti hulipapasa bega kama anayemwamsha askari, kisha humnong'oneza mteja, "Hili la jenerali wa Kiingereza, wallahi. Nimelipata mnadani." Mabuti yote ni ya makomando, na hata soksi zina cheo. Mimi hujifanya najaribu kofia.

Jana aliingia Bi Wadha, mjane wa jirani yetu, akalifunua koti la jenerali. Ndani ya kola palikuwa na jina la marehemu mumewe, alilolidarizi Bi Wadha mwenyewe kwa uzi mwekundu. "Liliingia kwenye gunia la sadaka kwa makosa," alisema. "Mwanangu analitaka, ndiyo kumbukumbu yake ya babake." Mwenye duka akashika ndevu. "Sadaka hairudi, bi mkubwa. Labda ulinunue." Duka lilikuwa limejaa watu, na Bi Wadha hakupunguza sauti. "Sadaka hupewa maskini, baba. Kumbe maskini mwenyewe ndo wewe?" Jenerali alikunjwa upesi, akatiwa kwenye mfuko wa Bi Wadha, akaenda zake bure.