Elektroni Iliyokataa Kupigwa Picha

Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa tano wa sekondari pale Gatsata, na shule yao ilikuwa inamngoja mgeni mheshimiwa. Huyo ndiye angechagua kazi moja ya mwanafunzi iende kwenye mashindano ya taifa ya sayansi. Mdogo wangu aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Mimi shule niliiacha mapema. Natengeneza fanicha Gisozi. Akaniomba kibao cha kushikilia spika kuukuu, juu yake pete ya waya. Simu ikitoa mlio, spika inatikisa waya. Mara nyingi waya unahangaika tu, kama kuku aliyefungwa mguu. Ukipata mlio wake, mawimbi yanakaa palepale: hapa waya umevimba, pale umetulia tuli. Elektroni ndani ya atomu nayo ndivyo, akaniambia, haizunguki kama pikipiki kwenye raundabauti. Ni wimbi, na wimbi lisilokutana na mkia wake halina makazi mle.

Nilielewa nusu, nikafurahi nzima. Hata hivyo nikakereza vimpira vya mbao, nikavipaka vanishi, maana elektroni isiyo na umbo nani ataitaka?

"Kaka, wewe unataka kuuza samani tu," akasema.

Siku ikafika, maua mengi kuliko maonyesho. Mgeni akainama kwenye meza ya mdogo wangu, akatabasamia kamera. Kwenye picha waya ukatoka ukungu mtupu. Wakarudia, ukungu tena.

"Binti, zima kidogo tupige picha," mkuu wa shule akaagiza.

Mdogo wangu akamgeukia mgeni. "Nikizima, mheshimiwa, utapiga picha na waya tu."

Mkuu akakohoa. Mgeni akacheka, akaomba simu, akaanza kubadilisha milio mwenyewe huku msafara ukitazama saa na soda zikipata joto. Mwishowe mkuu akanyakua kimpira changu kimoja pale mezani, akamkabidhi mgeni, picha ikapigwa.

Picha hiyo imetundikwa ofisini: mheshimiwa ameinua kimpira, chini pameandikwa "Elektroni". Pembeni mdogo wangu anauma midomo asicheke. Alichaguliwa, kwa sababu, mkuu alieleza, meza yake ndiyo iliyomchelewesha mgeni kuliko zote.

Alipokuwa anafunga spika kwenye boksi kwa safari ya mashindano, nilimletea kimpira kimoja cha kumtakia heri. Akanishukuru vizuri, akakipachika chini ya mguu wa meza yetu unaocheza, meza niliyoitengeneza mimi.