Godelieve Nyuma ya Kamba

Godelieve wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, ana mdomo, na mdomo huo ndio uliompa kazi. Kipindupindu kikiingia mjini, watu wa afya humtuma nyumba kwa nyumba akawahimize watu wachemshe maji ya ziwa, na anayekufa kwa ugonjwa huo asioshwe na ndugu zake. Hilo la pili huwa gumu. Kwao binti ndiye anayemwosha mama yake na kumpaka mawese miguuni, huku akimsemesha hadi amalize. Mama asiyeoshwa na bintiye ameondoka kama mgeni.

Mwaka jana Nijimbere, mkimbizi kutoka Burundi, alifiwa na mkewe Liliane. Aliomba aguse uso tu. Godelieve akamzuia kwenye kamba iliyozunguka mahema ya wagonjwa, akamweleza kwamba uchungu wa mtu mmoja hauwezi kuzidi uhai wa mtaa mzima. Alilisema vizuri, hata mwenyewe akajipenda.

Mwaka huu mama yake aliletwa kutoka Nundu kwa pikipiki, na jioni ile ile akakata roho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: Godelieve alitamani miguu ya mama yake kuliko alivyowahi kutamani kitu. Bonaventure, muuguzi rafiki yake, akamwita pembeni. Akamwambia angempa glavu na buti, aingie kwa nyuma, aoshe. Mtu mmoja aliyevaa vizuri hawezi kuambukiza mtaa.

Godelieve alishaanza kukunja mikono ya blauzi, kisha akasimama na zile glavu mkononi.

“Siku ya Liliane, gants ilikuwako?”

“Ilikuwako,” Bonaventure akajibu. “Hakuna mwenye aliuliza.”

Akamrudishia glavu. Akabaki nyuma ya kamba, akawatazama watu wa kunyunyiza dawa wakimfunga mama yake kwenye plastiki.

Nijimbere alikuja matangani. Godelieve akamweleza yote: glavu zilizokuwepo siku ya Liliane, yeye ambavyo hakumuulizia, na kwamba alikataa kuingia kwa sababu ya Nijimbere. Alitegemea matusi.

“Ungeingia tu, mama,” Nijimbere akasema. “Miye ningeingia.”

Hapo ndipo Godelieve alipolia kwa sauti, maana mama yake alikuwa ameshazikwa tangu asubuhi.