Mguu Mzima

Saa kumi na dakika hamsini alasiri, wakati wa mapumziko, nahodha alikuja nilipokaa na machela, akainama kana kwamba anafunga kamba za kiatu.

"Wale wawili wa jeshi pale getini wanauliza namba saba ni nani," alisema.

Namba saba alikuwa winga wetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kaka yake alikuwa amevuka mpaka kwenda Kenya, na miaka ile jeshi likimkosa mtu lilimchukua nduguye. Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilifanya kazi katika duka la uchapaji mtaani Wandegeya, na Jumamosi nilibeba machela ya timu ya chuo. Kazi hiyo nilitafutiwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa refa na ndiye aliyenifundisha kufunga bendeji.

Shauri lilipatikana upesi. Winga ajiangushe, tumbebe hadi kwenye pikapu ya chuo, dereva ampitishe getini kama mgonjwa, kisha amfikishe kwenye basi la Busia, mpakani. Wachezaji walichanga kila walichokuwa nacho mifukoni, nikazitia fedha ndani ya soksi yangu.

"Tumwambie baba mdogo," nilisema.

"Mzee yule?" winga akacheka kidogo. "Uso wake unatangaza kama redio. Ukimpa siri, hata wale wa getini wataisikia. Acha, nitalia mpaka mwenyewe aniamini."

Ilibidi amwaminishe kweli, kwa sababu ya kanuni. Vyuo vilikuwa vimechoshwa na timu ambazo, zikishaongoza kwa bao moja, wachezaji wake walidondoka kama ndizi mbivu ili dakika ziishe. Kanuni mpya ilisema mchezaji hatoki kwa machela mpaka refa apapase kwa mkono wake mahali panapouma. Akipakuta pazima, mchezaji anainuka na chuo chake kinatozwa shilingi ishirini. Baba mdogo ndiye aliyeidai kanuni hiyo, msimu baada ya msimu. Nakala zake nilizichapa mimi.

Winga alianguka mapema katika kipindi cha pili, karibu na mstari. Alilia vizuri. Wapinzani wakatuzunguka.

"Mleteeni na mto!"

"Mwigizaji huyo! Refa, mtazame machoni, hana hata chozi!"

Baba mdogo alipiga magoti. Alibonyeza kifundo, akapanda hadi goti, taratibu, kama alivyonifundisha. "Hapa? Na hapa?" Winga alipiga kelele kila mahali, na hilo ndilo lililomponza. Anayeumia kweli ana mahali pamoja.

"Inuka, mwanangu. Mguu huu ni mzima kuliko wangu."

"Baba mdogo, mwache tumtoe," nilisema.

"Nyumbani mimi ni baba yako mdogo. Hapa mimi ni refa."

Mmoja wa wale wawili alikuwa ameshasogea hadi kwenye mstari, akitazama. Ningesema zaidi, angesikia. Winga alinitazama mimi, akamtazama baba mdogo, akainuka. Alijipangusa majani kwenye bukta. Watu walimzomea.

Alicheza hadi mwisho. Alicheza vizuri, tena kwa bidii, na bao letu la pili lilitokana na pasi yake. Kipenga cha mwisho kilipolia wale wawili walimshika mikono, mmoja huku, mwingine kule, wakaondoka naye akiwa bado na jezi. Hatukumwona tena.

Tukirudi nyumbani nilimweleza baba mdogo yote. Alisimama katikati ya njia, kipenga kikiwa bado shingoni.

"Mngeniambia," alisema. "Mguu ule ningeukuta umevunjika mara mbili."

Hakuchezesha mechi tena. Jumatatu chuo kilidaiwa faini, maana kanuni ilikuwa kanuni, na nahodha akataka tuilipe kwa zile za kwenye soksi. Baba mdogo alikataa. Aliilipa kutoka mfukoni mwake, kisha tukaenda pamoja Kasubi kwa mama wa winga. Yeye ndiye aliyemwambia, mimi sikuweza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, lakini baba mdogo hakuinywa. Nikaweka mezani fedha za safari ambayo haikufanyika. Hazikuwa zimepungua hata senti: shilingi sitini na tatu.