Difu ya Mbele na Posa ya Buhinyuza

Baba mkwe wangu, kabla hajawa baba mkwe, alinipa sharti moja tu, nami nikadhani ni jepesi. Alisema atakayemwoa binti yake aje kwake kijijini Buhinyuza mwezi wa nne, mvua ikiwa kazini, kwa gari lake mwenyewe, na afike mpaka uani. Pikipiki hataki, gari la kuazima hataki. Asipofika, posa imekufa, na makreti yake ya bia akayanywe huko huko alikokwama.

Mimi ni fundi wa magari. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na ufundi niliusomea huko kwa kumshikia fundi mwingine tochi miaka miwili na kushika spana mwaka mmoja. Tuliporudi Burundi nikafungua karakana mtaa wa Nyamugari, pale Gitega, na wateja wakaniita Mtanzania. Wao walikuwa wakinitania. Mimi nililichukua jina lile kama cheti, na hakuna aliyenisikia nikitaja habari za tochi.

Gari nilikuwa nalo: jipu kuukuu lililonunuliwa kwa bei ya mbuzi wengi, ambalo lilikuwa linavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Difu ya mbele, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu linalopokea nguvu ya injini na kuigawa kushoto na kulia, ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilipofungua koki ya chini haikutoka oili. Kilitoka kitu kizito kama uji wa ulezi, na ndani ya uji mlikuwa na meno ya gia.

Jirani yangu wa karakana alikuwa mzee mchomeleaji, mswalihina wa Nyamugari ambaye hakosi sala hata moja na hakosi tusi hata moja. Aliutazama ule uji akauliza kama nataka kuoa au kuzika. Nikamweleza sharti la Buhinyuza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akavua kofia yake, akaingia nami chini ya gari.

Meno mapya tuliyapata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini, mtu ambaye babu yake alikuwa akiuza chumvi Gitega kabla ya lami. Yalikuwa yametumika, yalipitia mpakani Kobero ndani ya gunia la maharage, lakini yalikuwa mazima. Gia kubwa na gia ndogo za difu ni mume na mke: zikibanana sana zinachomana, zikiachana sana zinang'oana meno. Ili kujua zinagusana wapi nilizipaka mawese niliyoyakoroga na unga wa muhogo, nikazungusha, nikasoma alama iliyobaki. Mzee alisema hajawahi kuona chuma kikilishwa ugali. Tulikata vibati vyembamba kutoka kopo la maziwa, tukaviweka nyuma ya beringi, tukatoa, tukaongeza, siku tatu nzima, mpaka alama ikakaa katikati ya jino. Halafu yeye akachukua kipande cha springi ya lori, akakichomelea chini ya ekseli kama ubavu wa pili, ili jiwe la njiani likigonga lijute lenyewe.

Tungeishia hapo, ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi ndiye Mtanzania.

Ndani ya difu mna gia nne ndogo ambazo kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja liende mbio kuliko jingine gari likikata kona. Kwenye matope upole huo ni balaa: gurudumu lililo kwenye utelezi linazunguka bure, na lile lililokanyaga ardhi ngumu linakaa kutazama. Nilikuwa nimesikia kwamba mafundi wakubwa wanazichomelea gia hizo ziwe kitu kimoja, magurudumu yote mawili yavute pamoja, yapende yasipende. Nikamwambia mzee achomelee.

Akaweka chini kioo chake cheusi. "We Mtanzania," akasema, "hii kitu ukiifunga nyuma, bon, ni shida kidogo. Ukiifunga mbele, gari iko napanda mpaka mbinguni, mais kona haikate. Utaenda tout droit, moja kwa moja, mpaka kwa Mungu."

Nikamjibu kwamba kule nilikosomea walifanya hivyo kila siku. Uongo mtupu. Akachomelea, kwa sababu mtu mzima akiomba ujinga mara tatu unampa.

Kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele mna vifungo vya kuzungusha kwa mkono. Ukivifunga, difu inavuta. Ukivifungua, magurudumu yanajizungukia yenyewe na difu inalala. Mimi nililijaribu jipu kwenye lami ya Gitega vifungo vikiwa wazi, likakata kona zote kwa adabu, watu wakanipongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamnunulia mzee soda na kumuuliza yuko wapi huyo Mungu wa tout droit. Akanywa soda mpaka tone la mwisho, akarudi kazini.

Siku ya posa tulikuwa watano: mimi katika suti ya kijivu, baba yangu mdogo ambaye ndiye msemaji wetu, shangazi zangu wawili waliojitanda imvutano, vazi letu la sherehe, za rangi ya machungwa, na dereva wa akiba ambaye kazi yake ilikuwa kushika makreti. Mpaka Muyinga mjini ilikuwa safari ya mabwana. Baada ya hapo barabara ya udongo ikaanza, na mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi. Nikashuka, nikafunga vifungo, nikapanda. Jipu likaukwea mlima wa kwanza kama mbuzi aliyeona mihogo. Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Nilijisikia mwanamume wa kweli kwa muda wa dakika nne hivi.

Kule juu palikuwa na kona, tena pakavu, changarawe tupu. Nikakata usukani. Usukani ukanirudishia mkono wangu. Jipu likaendelea mbele kwa utulivu wa ng'ombe anayejua anakokwenda, likasimama pua ndani ya shamba la mihogo la mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nayo yote mawili bado, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika.

Tangu hapo ikawa hivi: kwenye matope nashuka nafunga, kwenye kona nashuka nafungua, baada ya kona nashuka nafunga tena. Kutoka Muyinga mpaka Buhinyuza Mungu aliweka kona nyingi kuliko ilivyohitajika. Suti ikawa na rangi mbili, halafu ikabaki na moja, na haikuwa kijivu. Baba mdogo alikuwa akirudia hotuba yake ya ng'ombe kwa sauti, na kila niliposhuka alianza upya kutoka mwanzo. Nilimchukia kwa moyo wote.

Kona ya mwisho ilikuwa langoni kwa baba mkwe. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia hii moja nitaikata hivyo hivyo. Sikuikata. Tuliingia uani kwa kupitia ua wa minyaa, tukaangusha migomba mitatu, mmoja ukiwa na mkungu wa ndizi za kutengenezea pombe, na tukasimama hatua chache kutoka viti walivyoandaliwa wageni. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Kwa desturi yetu posa ni vita vya maneno, na msemaji wa upande wa binti hulipwa heshima kwa kuwakatalia wageni. Yule wao alisimama taratibu, akasema wamezoea wageni wanaopita langoni. Baba mdogo akatupa ile hotuba yake yote ya ng'ombe, akajibu, "Mlisema mnataka mtu atakayefika. Hamkusema apitie wapi." Wakacheka, kwanza wanawake, halafu wote. Sijapata kumpenda baba mdogo kama siku ile.

Baba mkwe hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilijua anataka kuizungumzia migomba yake, nikaanza kuomba radhi. Naye alikuwa amewahi kuishi Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

"Migomba itaota," akasema. "Wewe unafika, nimekuona. Yeye je? Siku akikuchoka, atarudi hapa na nini?"

Nikamwambia hatanichoka. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia saa barabarani.

"Dada yangu aliolewa mbali," akasema. "Aliteswa huko. Alitaka kurudi nyumbani, mvua ikanyesha, hakuwa na njia. Sitaki kukuambia yaliyompata. Mfundishe binti yangu kuliendesha hilo dude, na vifungo vyake, na matope yake. Nikubalie hilo, mengine mtayamaliza na wale wasemaji."

Nilikubali. Nilirudi Gitega nikafungua difu, nikatoa zile gia zilizochomelewa, nikaweka nzima, na mzee mchomeleaji alisimama mlangoni akitabasamu siku mbili mfululizo bila kusema neno, adhabu kubwa kuliko tusi. Nilimfundisha mke wangu. Alijifunza haraka, na kwa matope ananishinda mpaka leo. Anasikiliza gari, mimi nalifokea.

Mwaka wa pili wa ndoa nilimwambia, mbele ya wateja wangu, kwamba asijione dereva, gari ni langu na meno yake nimeyapanga mimi. Walicheka. Yeye alichukua funguo ukutani, akamfunga mtoto wetu mgongoni, na garini akamhamishia kiti cha mbele na kumfunga mkanda, akaondoka. Ilikuwa mwezi wa nne. Nilisimama na spana mkononi nikiwaza kila jiwe la njia ile ya Buhinyuza, na kila nililolikumbuka nilijua difu italimudu. Niliogopa sana. Sikuogopa kwamba atakwama.

Saa kumi alasiri simu ikalia. Alikuwa baba mkwe.

"Amefika," akasema. "Wewe utakuja na nini?"

Nilipanda basi mpaka Muyinga, nikapanda pikipiki mpaka mahali ilipokwama. Hapo nikavua viatu, nikashika njia ya Buhinyuza kwa miguu.